Kugeuza gari la kasi litumie ethanoli: Kazi huanzia tangini

MWAKA 2023 kampuni ya Dodge ya Marekani ilitangaza gari lake la Challenger SRT Demon 170, lenye injini ya V8 ya lita 6.2 iliyofungwa supachaja. Tangazo hilo lilikuwa na takwimu mbili za nguvu kwa injini moja. Likijazwa petroli yenye ethanoli asilimia 10, kama inavyouzwa katika vituo vingi vya nchi hiyo, gari hutoa nguvu za farasi 900. Likijazwa E85, yaani mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, hutoa nguvu za farasi 1,025. Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili hakuna hata boliti moja inayobadilishwa.

Si Dodge waliokuwa wa kwanza kuiona tofauti hiyo. Mwaka 2007 Koenigsegg ya Sweden ilitoa CCXR, gari lililofikisha nguvu za farasi 1,018 kwa E85, wakati ndugu yake wa petroli, CCX, alikuwa na 806.

Takwimu za namna hii ndizo zinazowavuta wamiliki wengi wa magari ya kasi nchini Marekani, hasa yale yanayokwenda kazini siku za wiki na kushindana Jumamosi katika mbio fupi za robo maili, ambayo ni meta 402. Gari la kiwandani hutoka likiwa tayari. La mtu binafsi lililoundwa kwa petroli lazima ligeuzwe, na katika ugeuzaji huo ndipo injini nyingi nzuri huungua. Mara nyingi chanzo huwa hesabu ya mafuta iliyokosewa, na ethanoli hubebeshwa lawama isiyo yake.

Mafuta dhaifu, nguvu zaidi

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni kwamba ethanoli ni mafuta dhaifu kuliko petroli. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya takriban megajuli 32, ilhali lita moja ya ethanoli tupu hubeba 21 hivi. Mpishi anayetumia mkaa anaijua tofauti ya aina hii: mkaa mwepesi huivisha chungu kilekile, ila gunia huisha upesi.

Lakini kinachoiwekea injini mipaka ni hewa inayoweza kuvuta. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya E85 huhitaji kilo 9.8 hivi, na ya ethanoli tupu kilo 9. Kwa hiyo, kwa pumzi ileile ya hewa, injini inaweza kuunguza E85 nyingi zaidi, na hesabu ikikamilika joto linalopatikana kwa kila kilo ya hewa hukaribia kulingana: megajuli 3 hivi kwa mafuta yote mawili. Hadi hapo hakuna aliyepata wala aliyepoteza.

Faida hutokea mahali pengine. Kimiminika kinapogeuka mvuke hufyonza joto, na ethanoli hufyonza joto jingi mno. Ukijumlisha sifa hiyo na wingi wa mafuta yanayoingia, E85 huondoa joto zaidi ya mara tatu ya lile linaloondolewa na petroli kwa kiasi kilekile cha hewa. Hewa inayoingia kwenye silinda hupoa, hukazana, na nyingi zaidi hupata nafasi. Aidha, ethanoli ina oktani kubwa, jambo linalomaanisha kuwa haigongi kwa urahisi.

Kugonga huko ndiko adui mkuu wa injini ya nguvu. Hutokea pale mchanganyiko wa hewa na mafuta unapolipuka wenyewe katika kona ya silinda kabla mwali wa plagi haujafika. Presha hupanda ghafla, pistoni hupigwa kama kwa nyundo, na zikipita sekunde chache za hali hiyo huku kanyagio likiwa limekanyagwa hadi sakafuni, pistoni yaweza kupasuka au kutoboka. Fundi wa injini ya petroli huliepuka hilo kwa kupunguza presha ya turbo au kuchelewesha cheche, na kila anapofanya hivyo hupoteza nguvu. E85 humruhusu kurudisha vyote viwili.

Kutokana na hayo, faida hutegemea sana aina ya injini. Yenye turbo au supachaja, au iliyojengwa kwa mgandamizo mkubwa, hupata mengi. Injini ya kawaida isiyo na turbo na yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 hupata kidogo, maana hata kwa petroli haikuwa karibu na kugonga. Mwenye gari la namna hiyo angefanya vyema kununua matairi bora kwanza.

Mafuta yafike, na yafike kwa wakati

Kwa kuwa injini sasa inahitaji mafuta mengi zaidi, mfumo mzima wa kuyafikisha lazima upanuliwe. Kwa ujazo, ongezeko ni kati ya asilimia 35 na 45. Chukua injini ya silinda nane yenye turbo, inayolenga nguvu za farasi 500. Kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, kwa petroli itakunywa lita 185 hivi kwa saa ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Kwa E85 itataka karibu lita 250.

Kila nozeli kati ya hizo nane, ikiachiwa nafasi ya kupumua badala ya kukaa wazi muda wote, inatakiwa iwe na uwezo wa sentimeta za ujazo 600 hivi kwa dakika. Zile zilizotosha kwa petroli, za 450 au 460, hazitafika.

Pampu ndiyo mtego mkubwa. Pampu inayotajwa dukani kuwa ni ya lita 255 kwa saa hutoa kiasi hicho ikisukuma dhidi ya presha ya wastani. Turbo inapoanza kujaza hewa, kidhibiti nacho huongeza presha ya mafuta ili nozeli ziweze kupenyeza, na kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyotoa kidogo. Kwa hiyo, pampu ambayo kwenye karatasi inatosha, hupungukiwa pale tu inapohitajika zaidi, yaani mwishoni mwa gia ya tatu, gari likiwa katikati ya mbio. Wenye busara huchagua pampu yenye uwezo mkubwa zaidi ya mahitaji au hufunga mbili.

Hata pampu nzuri huangushwa na waya mwembamba. Waya wa awali wa gari la zamani ulitengenezwa kubeba umeme wa pampu ndogo. Pampu kubwa ikivuta umeme mwingi kupitia waya huohuo, volti hushuka njiani, na pampu huzunguka polepole. Waya mnene wa kutoka kwenye betri, wenye relei na fyuzi yake, ni kazi ya saa chache na gharama yake ni ndogo, lakini huachwa mara nyingi kwa sababu haionekani kwenye picha za gari.

Baada ya pampu huja mabomba. Ethanoli hula baadhi ya vitu ambavyo petroli huviacha. Mpira wa asili na gasketi za kizibo huvimba au kukauka na kupasuka. Zinki, magnesiamu na alumini isiyopakwa kinga hupata kutu, hasa maji yakiingia, na tangi la zamani lililopakwa aloi ya risasi nalo huliwa. Mafundi hupendelea mipira yenye utando wa ndani wa teflon, oring za Viton, tangi na viungio vya chuma kisichoshika kutu au alumini iliyowekewa kinga, pamoja na chujio la wavu wa chuma mahali pa lile la karatasi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ethanoli husafisha. Uchafu uliokaa miaka kumi kwenye tangi la petroli hung'oka na kukimbilia kwenye chujio. Chujio la kwanza baada ya mageuzi linafaa kubadilishwa mapema, kabla gari halijapelekwa kwenye mashindano.

Namba ya kwenye pampu si mafuta yaliyomo

Baada ya vifaa hivyo vyote kufungwa, linabaki tatizo ambalo limewagharimu wengi zaidi ya pampu na nozeli. Jina E85 huashiria ethanoli asilimia 85, lakini viwango vya Marekani huruhusu mafuta yanayouzwa kwa jina hilo kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kutegemea eneo na majira ya mwaka. Wakati wa baridi petroli huongezwa ili magari yawake asubuhi. Hivyo, mtu anayejaza katika kituo kilekile mwezi Julai na mwezi Januari anaweza kuwa amenunua mafuta mawili tofauti.

Madhara yake hutegemea upande kosa lilikotokea. Tuseme kompyuta ya injini imepangwa kwa mafuta yenye ethanoli asilimia 51, kisha tangi likajazwa yenye asilimia 83. Nozeli zitatoa kiasi kilekile, ilhali mafuta mapya yanahitaji kutolewa kwa wingi zaidi. Injini itabaki na hewa nyingi na mafuta haba kwa zaidi ya asilimia 15. Katika mwendo wa polepole kompyuta yaweza kurekebisha kwa kusoma kihisi cha hewa kwenye eksozi. Kanyagio likifika sakafuni, magari mengi huacha marekebisho hayo na kufuata majedwali yaliyoandikwa. Huko ndiko pistoni zinakoyeyuka.

Kosa likiwa upande wa pili, gari lililopangwa kwa asilimia 83 likapewa 51, mafuta yatazidi na moshi utakuwa mzito, jambo ambalo si la hatari sana. Hatari ipo kwenye cheche. Fundi alizitanguliza kwa kuamini oktani ya ethanoli nyingi, na sasa ethanoli hiyo imepungua. Injini huanza kugonga.

Dawa ni kihisi cha ethanoli, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba la mafuta ili yapite ndani yake. Petroli na ethanoli hutofautiana sana katika tabia zao za umeme, na kihisi hupima tofauti hiyo na kuipelekea kompyuta kama mapigo. Kile kinachotumika sana, kilichoanzia kwenye magari ya General Motors, hutoa mapigo 50 kwa sekunde kwa petroli tupu na 150 kwa ethanoli tupu, na kati ya hapo kila pigo moja la nyongeza ni asilimia moja. Kompyuta inayokielewa huhama yenyewe kutoka jedwali moja hadi jingine, kwa mafuta na kwa cheche, na pia hupunguza presha ya turbo ethanoli inapopungua.

Wapo wanaoona kihisi hicho ni anasa kwa kuwa wao hujaza kituo kimoja siku zote. Hoja hiyo haina mashiko. Kituo hakitengenezi mafuta. Hupokea yale lori lililoleta.

Asiyekuwa na kihisi anaweza kupima kwa maji. Mafuta ya kiasi kinachojulikana humiminwa kwenye mrija wa kioo wenye alama pamoja na maji kiasi, hutikiswa, kisha huachwa yatulie. Ethanoli hushikana na maji na kushuka, petroli hubaki juu. Ikiwa kati ya mililita 100 za mafuta zimebaki mililita 30 za petroli, basi ethanoli ilikuwa asilimia 70 hivi. Kipimo hicho ni cha kukadiria tu, lakini katika viwanja vya mbio hutumika kila wiki.

Magari ya kabureta

Magari mengi ya mbio za robo maili nchini Marekani ni ya miaka ya 1960 na 1970, na hayana kompyuta. Kwa hayo kabureta hutobolewa upya au hununuliwa iliyotengenezwa kwa E85, kama zile za Holley. Kupanua jeti kuu peke yake hakutoshi. Njia ya mwendo wa taratibu, pampu ndogo ya kuongeza kasi na vali ya sindano inayoingiza mafuta kwenye bakuli, vyote vinahitaji kukua. Kabureta haiwezi kujua ethanoli imebadilika, hivyo kipimo cha maji kwa gari la namna hii ni lazima. Aidha, desturi ya mafundi wa zamani ya kusoma rangi ya plagi hupoteza nguvu hapa, kwa sababu plagi ya injini ya ethanoli hubaki nyeupe na safi hata mambo yakiwa si mazuri. Kihisi cha hewa kwenye eksozi, chenye saa yake mbele ya dereva, hutoa jibu la uhakika zaidi.

Maisha ya kila siku

Kwenye uwanja wa mbio gharama ya mafuta haionekani. Gari lile la farasi 500, likimaliza meta 402 kwa sekunde 11, halitumii hata lita moja. Barabarani ndiko mfuko unakotoboka. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa magari yaliyoundwa kutumia mafuta yote mawili hupoteza kati ya asilimia 15 na 27 ya umbali kwa kila galoni ya E85. Gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita litarajiwe kwenda 7 au 8, na tangi litaisha mapema vivyo hivyo.

Kuwasha asubuhi ya baridi ni shida nyingine. Ethanoli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto chini ya nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi, na ni ile petroli iliyochanganywa inayosaidia injini kuamka. Brazili, iliyoanza kuuza gari la ethanoli tupu, Fiat 147, mwaka 1979, ilitatua jambo hilo kwa kuyawekea magari tangi dogo la petroli la kuwashia. Huko Marekani mafundi huongeza mafuta wakati wa kuwasha na kuomba betri iwe na nguvu.

Injini ikiwa bado baridi, sehemu ya mafuta hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Gari linalokwenda safari fupi tu, bila oili kupata joto la kutosha, hukusanya ethanoli na maji humo hadi oili ikawa kama chai ya maziwa. Kubadilisha oili mapema kuliko ilivyozoeleka ni gharama ndogo ikilinganishwa na beringi.

Gari linalolazwa miezi kadhaa ndilo linaloteseka zaidi. Ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani kupitia matundu ya kupumulia, na katika bakuli la kabureta hufanyika unga mweupe wa kutu ya alumini unaoziba jeti. Kabla ya kulilaza, tangi hukaushwa E85, hutiwa petroli, na injini huachwa ingurume hadi mafuta ya zamani yaishe kwenye mabomba. Mwenye majedwali ya aina moja tu kwenye kompyuta asisahau kuweka ya petroli kwanza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuchezea mifumo ya kudhibiti moshi ya gari lililosajiliwa kwa barabara, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo, EPA, linataka mifumo ya kubadilisha mafuta ya magari hayo ionyeshwe kwanza kuwa haiongezi uchafuzi. Anayetoa kichujio cha moshi kwenye eksozi kwa kisingizio kwamba ethanoli ni safi yuko nje ya sheria hiyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zenye turbo zina wapenzi wengi, kikwazo cha kwanza ni pampu yenyewe: E85 si mafuta ya kununuliwa katika vituo vya Dar es Salaam wala Nairobi. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu mwaka 1982, na Kenya ilijaribu mchanganyiko wa aina hiyo katika miaka ya 1980, lakini vyote hivyo vilikuwa viwango vidogo vinavyotumika kwenye gari la kawaida bila kubadilisha kitu. Wapo wanaofikiria kutumia spiriti ya viwandani. Spiriti inayotoka kwenye mtambo wa kawaida wa kukenekea hubaki na maji yapatayo asilimia 4 hadi 5, kwa kuwa ukenekaji wa kawaida hauwezi kuyatoa yote. Ikichanganywa na petroli nyingi, maji hayo hujitenga na kuvuta ethanoli chini ya tangi, mahali ambapo pampu hunyonya. Injini iliyopangiwa mchanganyiko itapokea kwanza ethanoli yenye maji, kisha, tangi likitikisika kwenye kona, petroli karibu tupu yenye oktani ndogo kuliko ile fundi aliyoitegemea alipopanga cheche.